Sindano ya Oili na Mashahidi Wake

Ndege inayoruka kutoka uwanja wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuelekea kusini, upande wa Ziwa Kivu, huivuka Birere ikiwa bado chini sana. Birere ni maduka yaliyobanana, magodauni, garaji, pikipiki zinazosubiri abiria na nyumba za mabati zenye watu ndani saa zote. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia ya kurukia na kuingia katikati ya mtaa; wengi wa waliokufa walikuwa watu waliokuwa chini, kwenye shughuli zao. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 ya Busy Bee iliyokuwa ikienda Beni ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, juu ya nyumba za Mapendo, jirani na hapo. Ajali hizo hazitajwi hapa kwa kudai kwamba chanzo kilikuwa oili. Zinatajwa kwa sababu zinaonyesha kilichopo mwisho wa njia hiyo. Upande wa kaskazini hakuna nafuu: lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliifunika sehemu ya njia yenyewe, na mbele yake ni mawe makali ya volkano na mlima unaofika mita 3,470 hivi.

Kwa rubani wa ndege ndogo ya injini moja, mazingira hayo hulifanya swali dogo kuwa zito. Injini imewashwa, imepata joto, kila kitu kiko sawa isipokuwa sindano ya presha ya oili. Jana ilichezacheza. Leo inasoma chini kuliko kawaida, kisha inarudi mahali pake. Fundi anasema geji za aina hii ndivyo zilivyo, anagonga kioo kwa kidole, sindano inatulia, na abiria wanaingia. Mara nyingi fundi huyo huwa amesema kweli, kwa kuwa masomo mengi ya ajabu ya presha ya oili hutokana na geji, sensa au waya. Lakini kauli hiyo haitokani na kipimo chochote. Siku ambayo injini ndiyo yenye kosa, atasema maneno yale yale kwa uhakika ule ule. Geji isiyoaminika ni hitilafu inayojitegemea, nayo inapaswa kumalizwa chini, kwa kipimo, kabla ya kuruka.

Tuanze na presha yenyewe, inatoka wapi. Wengi hudhani pampu ndiyo inayoitengeneza. Pampu ya oili katika injini za pistoni kama Lycoming na Continental ni jozi ya gia zinazosukuma kiasi fulani cha oili kila zinapozunguka. Inachotoa ni mtiririko. Presha huzaliwa mtiririko huo unapokutana na njia nyembamba, hasa upenyo uliopo kati ya krankshafti na beringi zake. Mtu anayemwagilia bustani akiubana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji huruka mbali ingawa koki haijafunguliwa zaidi. Beringi ndizo kidole hicho. Zikilika, upenyo hupanuka, oili hupita bila kizuizi, na presha hushuka hata kama pampu ni mpya kabisa. Oili ikipata joto kupita kiasi na kuwa nyepesi, matokeo ni hayo hayo. Na pampu ikivuta hewa badala ya oili, kwa sababu oili imepungua kwenye sampu au chujio la kuvutia limeziba, mtiririko wenyewe hukatikakatika.

Ili presha isipande mno, hasa injini ikiwa bado baridi na oili ni nzito, kuna vali ya kupunguza presha. Katika Lycoming nyingi ni gololi ya chuma inayokandamizwa na springi juu ya kikalio cha duara. Presha ikiishinda springi, gololi hunyanyuka na oili ya ziada hurudi kwenye sampu. Ukiifungua vali hiyo mezani, vilivyomo ni vichache mno kwa uzito wa kazi yake: kifuniko, springi fupi na gololi; ndani ya injini kimebaki kikalio. Ukikimulika kwa tochi, utepe mwembamba ambapo gololi hugusa unapaswa kung'aa mzunguko mzima kwa upana ule ule. Pale mng'ao unapokatika, au penye mkwaruzo, au penye punje ya masizi iliyonata, ndipo oili inapopenya na kurudi kwenye sampu kabla ya wakati wake. Punje ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kibiriti inatosha kuishusha presha waziwazi. Ikisombwa na oili, presha hupanda yenyewe, na kila mtu huamini kwamba tatizo limekwisha.

Hiyo ndiyo injini. Upande wa pili kuna mjumbe anayepeleka habari hadi kwenye dashibodi, naye huja kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya zamani. Bomba jembamba hutoka kwenye injini likiwa na oili ndani, hupita ukuta unaotenganisha injini na chumba cha rubani, hadi nyuma ya geji. Ndani ya geji kuna mrija uliobanwa na kukunjwa kama upinde, kifaa ambacho Mfaransa Eugène Bourdon alikipatia hataza mwaka 1849. Presha ikiingia, upinde hutaka kunyooka, na mwendo huo mdogo huizungusha sindano. Kifaa hiki hakihitaji umeme na hudumu miaka mingi, lakini kina udhaifu wake. Hewa ikibaki kwenye bomba, sindano huchelewa na kuyumba. Uchafu ukiziba tundu dogo lililowekwa makusudi pale bomba linapoanzia, sindano huganda kwenye somo la zamani au hupanda polepole mno. Tundu hilo liko hapo ili bomba likipasuka, oili isimwagike yote kwa mkupuo. Ndiyo maana anayelichokonoa na kulipanua ili "geji ifanye kazi vizuri" anaondoa kinga ya injini nzima.

Namna ya pili ni sensa ya umeme. Kiwambo ndani yake husukumwa na presha na kubadilisha ukinzani wa umeme, kisha geji huutafsiri ukinzani huo kuwa namba. Sensa nyingi za aina hii zina waya mmoja tu. Umeme hurudi kupitia mwili wa sensa na chuma cha injini. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Fundi anayetaka kuzuia uvujaji huzungushia nyuzi za sensa utepe mweupe wa mabomba, sensa hukaa juu ya plastiki badala ya chuma, na njia ya kurudishia umeme hudhoofika. Somo huanza kuyumba, au huhama kila taa ya kutua inapowashwa. Vipande vya utepe huo huweza pia kuchanika na kuingia kwenye njia za oili, na hilo ni baya zaidi ya sindano kuyumba. Mtikisiko nao hufanya yake: sensa nzito iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini, juu ya kiungo kigumu, hulegeza kiwambo chake na inaweza kukikata kiungo chenyewe, oili ikarukia bomba la moshi lenye moto. Kuifunga sensa kwenye ukuta wa injini na kuiunganisha kwa mpira unaohimili moto ni kazi ya ziada inayostahili kila dakika yake.

Kuna kosa moja linalostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa halionekani kwa macho. Sensa za magari za waya mmoja huuzwa kwa vipimo mbalimbali, na zipo za hadi bar 5 na za hadi bar 10 zenye ukinzani ule ule wa omu 10 hadi 180 na nyuzi zinazoingiliana. Sensa ya bar 5 ikifungwa mahali pa ile ya bar 10, geji haitalalamika. Itasoma maradufu. Injini yenye presha halisi ya psi 35, yaani pauni 35 kwa kila inchi ya mraba, itaonyesha karibu 70, katikati kabisa ya eneo la kijani, la kazi ya kawaida, katika injini ambayo eneo hilo ni psi 50 hadi 90. Katika mtaa kama Birere, ambako kifaa cha gari kinachofanana na cha ndege hupatikana kwa muda mfupi kuliko kile cha ndege chenye hati zake, kishawishi hiki ni cha kweli. Ndege iliyosajiliwa inahitaji kifaa kilichoidhinishwa, chenye namba inayolingana na kitabu cha vipuri. Sharti hilo lina maana ya moja kwa moja hapa, kwa sababu kosa hili huficha tatizo badala ya kulionyesha.

Hata namba sahihi haina maana bila kujua injini ni ipi. Cessna 206 ni mfano mzuri. Zile za zamani zenye injini ya Continental zina eneo la kijani la psi 30 hadi 60, na kiwango cha chini cha psi 10 injini ikiwa kwenye mlio mdogo. Zile za baadaye, 206H zenye injini ya Lycoming, zina kijani cha psi 50 hadi 90, na kiwango cha chini cha 20. Psi 40 katika safari ni hali ya kawaida kwa ndege ya kwanza na ni onyo kwa ya pili, ingawa kwa mtu aliyesimama pembeni ndege hizo zinafanana. Rubani anayehama kutoka moja kwenda nyingine akiwa na "namba ya kawaida" kichwani anaweza kuitilia shaka injini nzima au kuiamini inayokufa.

Kabla ya kushika spana, sindano yenyewe husema mengi kwa anayeiangalia inavyotembea. Kipimo cha kwanza hufanyika kabla hata injini haijawashwa: sindano iko wapi? Ikiwa haiko kwenye sifuri wakati injini imelala, suala si presha ya oili. Baada ya kuwasha, presha inapaswa kuonekana ndani ya sekunde 30. Isipoonekana, injini huzimwa bila mjadala, na kutafuta sababu huanza baadaye. Sindano inayoruka kutoka 70 hadi sifuri na kurudi kwa kufumba na kufumbua, mzunguko wa injini ukiwa ule ule, inaelekeza kwenye umeme, kwa kuwa ni nadra oili halisi kubadilika ghafla namna hiyo na kurudi safi. Inayoshuka taratibu kadiri joto la oili linavyopanda inasema jambo la kweli, na kinachobaki ni kujua ukubwa wake. Inayoyumba ndege inapopanda kwa pua ya juu, kisha ikatulia katika safari ya usawa, inamtuma mtu akaangalie kijiti cha kupimia oili. Na ile isiyobadilika kabisa, gesi ikiwa ndogo au kubwa, injini baridi au moto, inastahili shaka kuliko zote, ingawa ndiyo inayowatuliza watu.

Injini ina mashahidi wengine pia. Wa kwanza ni joto la oili. Oili ikitoweka, ile kidogo iliyobaki huchemka, na geji ya joto, ambayo ina sensa na waya wake peke yake, hupanda. Wa pili ni propela. Katika ndege ya injini moja ya pistoni kama Cessna 206, gavana ya propela hutumia oili ile ile ya injini kuzishikilia pembe za mapanga. Oili ikikosekana kweli, mapanga hurudi kwenye pembe ndogo na mzunguko hupanda ghafla. Kwa hiyo sindano ikidondoka hadi sifuri huku propela ikiendelea kutii mkono wa rubani na joto likibaki palepale, uzito wa ushahidi unaelekea kwenye geji. Katika Cessna Caravan, ambayo injini yake ya PT6A ni ya turbini, mambo ni kinyume: mapanga yake hurudi kwenye pembe ya kukata hewa na mzunguko hushuka. Caravan pia ina taa ya onyo inayoendeshwa na swichi isiyotegemea sensa ya geji. Geji ikisema presha imeanguka na taa haijawaka, rubani ana sababu ya kutulia kidogo. Vyote viwili vikikubaliana, hana sababu yoyote.

Mashahidi hawa ni wa dharura. Kwenye ardhi kuna kipimo kinachotoa jibu lenyewe, na ni aibu jinsi kinavyorukwa. Fundi huchukua manometa ya mkono iliyopimwa na kuthibitishwa, huiunganisha kwenye tundu la presha la injini kwa kiungo cha njia tatu ili sensa ya ndege ibaki mahali pake, kisha huwasha injini na kusubiri oili ifike kwenye joto la kazi. Huandika masomo mawili sambamba kwenye mlio mdogo, kwenye mzunguko wa kati na kwenye nguvu ya kupima magneto. Manometa ikisema 72 na dashibodi 45 katika hatua zote, injini iko huru, na kazi imebaki kwenye sensa, waya na geji. Zikikubaliana kwamba ni 45, hakuna sensa mpya itakayosaidia. Kazi yote ni ya asubuhi moja, na gharama yake ni ndogo kuliko sensa mbili zilizobadilishwa kwa kubahatisha.

Ikiwa mjumbe ndiye mwenye kosa, mpangilio ni mfupi. Kama kitabu cha geji kinaruhusu, waya wa sensa huchomolewa na geji hupaswa kwenda mwisho mmoja. Waya ukigusishwa kwenye chuma, sindano huenda mwisho wa pili. Ikifanya hivyo, geji na waya ni wazima na mtuhumiwa ni sensa au mahali ilipofungwa. Isipofanya hivyo, hufuatwa viungo vya waya kimoja kimoja, hasa vile vilivyopata kutu kwa unyevu wa ziwa na mvua.

Ikiwa injini ndiyo yenye kosa, utaratibu ni mrefu na haufai kuharakishwa. Kiasi cha oili na daraja lake huja kwanza, kwa kuwa oili isiyo ya kitabu ni kosa rahisi kufanya na rahisi kuondoa. Kisha filta hukatwa na karatasi yake kukunjuliwa juu ya meza nyeupe. Vipande vinavyovutwa na sumaku ni chuma. Vinavyong'aa bila kuvutwa huenda ni alumini au madini ya beringi. Kiasi kikubwa cha vipande hivyo humaliza mjadala: injini haiendi popote. Filta ikiwa safi, ndipo vali ya presha hufunguliwa na gololi na kikalio kukaguliwa.

Hapa ndipo pana jambo ambalo mwandishi huyu hawezi kulisema kwa sauti ya chini. Vali nyingi za Lycoming huruhusu presha kurekebishwa, kwa skrubu au kwa washa zinazowekwa nyuma ya springi. Ukiongeza washa, springi hukaza na sindano hupanda. Marekebisho hayo yana mahali pake, baada ya chanzo kujulikana. Kuyafanya kwanza, ili sindano irudi kwenye kijani na ndege ikafanye safari ya mchana, ni kuondoa dalili ambayo beringi inayolika ilikuwa nayo. Anayefuata kuirusha ndege hiyo ataona kijani, ataamini, na kuivuka Birere akiwa na injini ambayo mtu mmoja aliijua na hakumwambia.

Angani hakuna manometa, na uamuzi lazima uwe mfupi. Presha ikishuka na joto likipanda, nguvu hupunguzwa mara moja na mahali pa kutua hutafutwa, kwa kuwa injini imebakiwa na muda mchache. Presha ikishuka peke yake, huku joto na propela vikiwa kawaida, vitabu vya Cessna hukubali kwamba huenda ni geji au vali, lakini bado vinashauri kutua kwenye uwanja wa karibu. Uwanja wa karibu katika Kivu si neno jepesi. Kati ya Goma na Walikale kuna misitu na milima ambako ndege zimewahi kutumia hata barabara ya lami ya Kilambo kama uwanja. Na Goma yenyewe iko takribani mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, ambako injini ya pistoni isiyo na tabo imeshapoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Ndege hukimbia mbali zaidi chini na kupanda polepole zaidi. Shaka inayokuja katikati ya mbio hizo imekuja ikiwa imechelewa.

Suala hili lina uzito wa ziada sasa. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025 na ndege za abiria kusimama, yeyote mwenye injini iliyolala miezi mingi, Goma au penginepo, anapaswa kujua kinachotokea ndani yake. Oili hushuka kutoka kwenye njia zake na kurudi kwenye sampu, pampu hukauka na kushindwa kuvuta, unyevu hutia kutu kwenye kuta za silinda, na viunganishi vya sensa huota ukungu wa kijani. Siku ya kuwashwa, geji itasoma sifuri, na huenda mjumbe na injini wote wakawa na makosa kwa pamoja. Injini kama hiyo hujazwa oili kwa shinikizo kabla ya kuwashwa, au huondolewa plagi za juu na kuzungushwa bila mzigo hadi manometa ionyeshe presha. Saa za mwanzo za kazi zikipita, oili humwagwa ikiwa ya moto, filta hukatwa tena, na masomo ya manometa na ya dashibodi huandikwa kwenye kitabu cha injini yakiwa na joto la oili lililokuwepo wakati huo, ili fundi wa mwezi ujao awe na namba ya kulinganisha.